Risala ya Wanafunzi wa Huduma ya Chakula na Vinywaji kwa Mgeni Rasmi: Familia Moja ya Barossa na Mvinyo Wake

Ndugu Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu wapendwa,
Wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru na wewe, Ndugu Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu wakati huu ambapo hoteli za Arusha zimejaa watalii na meneja wa vinywaji hana hata muda wa kula mchana. Karibu sana chuoni kwetu, jisikie uko nyumbani.

Ndugu Mgeni Rasmi, katika somo la mvinyo mwaka huu kila kundi lilipewa nchi au eneo lake. Wenzetu walipata Afrika Kusini, Ufaransa, Italia na Dodoma. Sisi tukaangukia Australia. Nchi ile ni kubwa mno, na mtu akiizunguka yote juu juu hatabaki na kitu kichwani. Tukaamua kushika nyumba moja tu ya kutengeneza mvinyo, Yalumba, mali ya familia ya Hill-Smith katika mji wa Angaston, eneo la Barossa, jimbo la Australia Kusini. Ilianzishwa mwaka 1849 na haijawahi kutoka mikononi mwa familia hiyo, ndiyo maana inahesabiwa kuwa nyumba kongwe kuliko zote za mvinyo zinazomilikiwa na familia nchini humo. Kwenye meza iliyo kulia kwako zipo chupa zake tatu. Nyingine tumezichora kwenye mabango, kwa sababu ambazo mifuko yetu inazifahamu.

Mwanzilishi, Samuel Smith, alikuwa mpika bia kutoka Dorset, Uingereza. Alihamia Australia na familia yake mwaka 1847, akafanya kazi ya bustani kwa tajiri mmoja wa Angaston, George Fife Angas, kisha akanunua ekari 30 za kwake. Inasimuliwa kwamba mizabibu ya kwanza aliipanda na mwanawe Sidney kwa mwanga wa mbalamwezi, maana mchana alikuwa kibaruani. Mwaka 1852 akaenda jimbo jirani la Victoria kuchimba dhahabu kama walivyofanya wanaume wengi wa zama zake. Tofauti yake na wengi ni kwamba alirudi na pauni 300 mfukoni, na fedha hiyo akaizika kwenye ardhi, ekari nyingine 80.

Hapa tunaomba kusema jambo ambalo vipeperushi vya matangazo hulipita haraka. Ardhi hiyo haikuwa pori lisilo na wenyewe. Barossa ni nchi ya asili ya watu wa Peramangk, Ngadjuri na Kaurna, na waliishi hapo muda mrefu kabla ya meli yoyote kuleta kipandikizi cha mzabibu. Tumeliweka kwenye bango letu la kwanza, juu kabisa, na mwalimu wetu alikubali libaki hapo.

Sidney, yule mtoto wa mbalamwezi, ndiye aliyejenga jengo la ghorofa mbili lenye mnara wa saa, kwa mawe ya buluu ya Angaston, mwaka 1908. Linasimama hadi leo. Baada yake akaja Walter, aliyeitwa Tiger kwa kupenda kwenda India kuwinda, na baada ya Walter mwanawe aliyeitwa Sidney kama babu yake. Huyu alifariki tarehe 25 Oktoba 1938 katika ajali ya ndege ya Kyeema, iliyogonga mlima Dandenong kwenye ukungu karibu na Melbourne. Watu 18 walipoteza maisha, wakiwemo vigogo wengine wawili wa mvinyo wa Australia Kusini, Hugo Gramp na Tom Hardy. Mdogo wake Sidney, Wyndham, mchezaji kriketi aliyekuwa Australia Magharibi, akaitwa nyumbani kushika usukani. Na tusidhani kwamba mali ya familia hukaa yenyewe bila mivutano: mwaka 1989 Robert Hill-Smith, wa kizazi cha tano, na ndugu yake walinunua hisa za jamaa wengine ili nyumba ibaki na kauli moja. Miaka michache baadaye akauza biashara ya mvinyo uliokolezwa pombe kali, uliokuwa umeilisha familia kwa miongo mingi, ili nguvu zote ziende kwenye mvinyo wa mezani.

Ndugu Mgeni Rasmi, tumeieleza historia hii kirefu kwa makusudi. Orodha ya mvinyo ya nyumba hii ni ndefu, na mhudumu akiikariri kama majina ya vituo vya daladala ataisahau kabla ya zamu kuisha. Lakini karibu kila chupa ina mtu nyuma yake aliyefanya uamuzi fulani, na ukimjua mtu huyo unaweza kusimama mbele ya mgeni ukaongea.

Tuanze na mweupe. Mwaka 1980 Yalumba walipanda Viognier kwenye vilima vya Eden Valley, jirani na Barossa. Wakati ule zabibu hiyo ilikuwa imebaki kwenye mashamba machache tu, hasa kaskazini mwa bonde la Rhône nchini Ufaransa, na hakuna mgeni wa hoteli aliyekuwa akiiulizia. Mmea wake ni mgumu kuulea, ukichuma mapema hauna harufu, ukichelewa mvinyo unakuwa mzito kama mafuta. Leo nyumba hii inauza Viognier ya bei ya kawaida na ile ya juu kabisa, The Virgilius. Ukiinusa unapata aprikoti, tangawizi na kitu kinachowakumbusha wenzetu wa pwani kikuba cha asmini. Sisi tunaishauri kwa kuku wa nazi au samaki wa kupaka, kuliko Chardonnay ambayo kila mtu huitaja kwa mazoea.

Huko huko Eden Valley kuna shamba la Pewsey Vale, lililopandwa kwanza mwaka 1847 na Joseph Gilbert, likafa, kisha Wyndham akalifufua mwaka 1961. Linatoa Riesling, mvinyo mweupe kavu, yaani usio na sukari ya kuonjeka, wenye ukali wa ndimu, na ndiyo iliyoingia kwenye majaribio ya kifuniko cha kuzungusha miaka ya 1970. Wateja walikikataa, wakakiona ni cha chupa za bei chee, na kikawekwa kando. Mwaka 2000 wakulima wa Riesling wa Clare Valley, eneo jingine la Australia Kusini, wakakirudisha kwa pamoja, na safari hii kikakubalika. Kwa hiyo mgeni akikunja uso kwa kukosa kizibo cha gome, mhudumu ana la kumjibu. Tumejifunza na namna ya kukifungua mezani: unashika kwa nguvu sehemu ya chini ya kifuniko, ile iliyobana shingo, kisha unazungusha kitako cha chupa. Kinakatika kwa mlio mmoja mfupi. Ukizungusha kichwa tu kwa vidole, unaonekana unafungua soda.

Kwa upande wa mwekundu, hapo ndipo Barossa inapotisha. Kidudu cha filoksera, kinachokula mizizi, kiliangamiza mashamba mengi ya Ulaya katika karne ya 19 na kikafika Victoria mwaka 1877. Australia Kusini ikafunga mipaka yake kwa sheria kali za karantini, na mpaka sasa haijaingiliwa. Ndiyo sababu pale ipo mizabibu ya Shiraz na Grenache iliyosimama kwenye mizizi yake yenyewe kwa zaidi ya karne moja, mizee kuliko mingi ya Ufaransa ilikotoka. Yalumba waliandika mkataba wa kuitambua mizabibu hiyo mwaka 2007, na Barossa nzima ikaufuata mwaka 2009: kuanzia miaka 35 unaitwa mzee, 70 ni manusura, 100 ni wa karne, na 125 ni wa mababu. Grenache yao iitwayo Tri-Centenary inatoka kwenye mizabibu iliyopandwa mwaka 1889, iliyoonja karne ya 19, ya 20 na hii yetu.

Kisha kuna The Octavius, Shiraz inayokomazwa kwenye vipipa vya lita 100, wakati pipa la kawaida huanzia lita 225. Pipa likiwa dogo, kila lita ya mvinyo inagusana na mbao nyingi zaidi, hivyo fundi asipokuwa makini mbao humeza zabibu. Nyumba hii ina karakana yake ya mapipa, jambo adimu sana duniani, kwa hiyo mtengeneza mvinyo akitaka mbao ichomwe zaidi au kidogo, anavuka ua tu na kumwambia fundi. Na ipo The Signature, mchanganyiko wa Cabernet Sauvignon na Shiraz, inayotengenezwa tangu mwaka 1962, ambapo kila toleo humuenzi mtu aliyeitumikia nyumba na lebo hubeba sahihi yake. Hii ndiyo tuliyoipenda kuliko zote, hata kabla ya kuionja.

Kosa kubwa linalofanyika na chupa hizi hapa kwetu ni joto. Vitabu husema mwekundu unywewe kwenye joto la chumba, lakini chumba kinachozungumziwa ni cha Ulaya. Shiraz inataka nyuzi 16 hadi 18. Kwenye mgahawa wa Dar es Salaam yenye nyuzi 31, chupa iliyokaa kaunta inatoa harufu ya pombe tupu. Kuipoza kwenye friji mpaka ishuke kwenye nyuzi hizo kunatosha kuiokoa, na mgeni hatajua kwa nini leo ni tamu.

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna changamoto zetu. Tunafanyia mazoezi bilauri za maji, na mvinyo haunusiki kwenye bilauri. Friji tunayotumia ni ya jikoni, inakaa na nyama. Vilevile, baadhi yetu hatunywi pombe kwa sababu za dini, na tumekuwa tukipata wasiwasi kwamba hatutaajiriwa kwenye mgahawa. Walimu wametuonyesha kwamba kunusa, kutazama rangi, kumimina na kueleza vinabeba sehemu kubwa ya kazi, na katika mtihani wa kunusa waliotuongoza ni hao hao wasioonja. Tunaomba hoteli nazo zilitambue hilo wakati wa usaili.

Maombi yetu ni haya. Tunaomba utusaidie kupata glasi za mvinyo, hata zilizotumika, zile ambazo hoteli huziondoa zikibaki pungufu ya seti. Tunaomba nafasi za mazoezi kwa vitendo kwenye kitengo cha vinywaji, si kwenye kuosha vyombo peke yake. Na kama itakupendeza, tunaomba leo uchague chupa moja kati ya tatu zilizopo mezani, umruhusu mmoja wetu akuhudumie kama mgeni wa hoteli yako, kisha utukosoe mbele ya wote bila kutuonea haya.

Tunakutakia kazi njema na safari salama ya kurudi.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa kwa niaba ya wanafunzi wa mwaka wa pili, Huduma ya Chakula na Vinywaji, Arusha.