Barua ya wazi kwa vijana wanaoandika ripoti za visima

Wanangu wahandisi, mafundi sanifu na wapimaji wa maji,

Salamu nyingi. Nimestaafu, lakini ripoti zenu bado zinanifikia. Watu wa halmashauri huniletea nizisome, na mara nyingi si kwa sababu wanataka maoni yangu ya kitaalamu. Wameshindwa tu kujua zinawataka wafanye nini. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ripoti ya kisima huandikwa kwa ajili ya mtu mwenye uamuzi mkononi. Mtu huyo akimaliza ukurasa wa kwanza hajajua kama kisima kifungwe pampu au kisifungwe, jasho lenu la porini limekwenda bure, hata kama vipimo vyenu ni sahihi.

Nichukue ripoti moja. Kijiji sikitaji, na walioiandika wanajijua. Kurasa zake za mwanzo zote ni wilaya: mipaka yake, wastani wa mvua, idadi ya kata, mazao ya biashara. Katikati ya maelezo hayo limebaki jina la kijiji kingine kabisa, kwa kuwa utangulizi ulinakiliwa kutoka ripoti ya zamani na hakuna aliyejisumbua kuusoma. (Mimi niliusoma. Wazee tuna muda.) Majibu ya maabara yako kwenye kiambatisho cha mwisho, yamepigwa picha kwa simu na kubandikwa kiubavu. Ukiinamisha shingo unaona floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi: miligramu 6.2 kwa lita. Na hitimisho linasema, "Ubora wa maji kwa ujumla ni wa kuridhisha."

Unamridhisha nani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 4, kisha ikashusha hadi hiyo hiyo 1.5. Maji ya kisima kile yalivuka hata kikomo cha zamani. Na sisi wa kuzunguka Mlima Meru si wageni wa jambo hili. Maji hupita kwenye miamba na majivu ya volkano, yanatoka na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo, na kalsiamu ikipungua floraidi hubaki imeyeyuka humo humo. Mnaona meno ya kahawia ya watoto wetu, na mnawajua waliopinda miguu. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichofanya utafiti wa kuchuja floraidi kwa chengachenga za mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Kwa hiyo walioandika ripoti walijua tatizo, na walijua hata pa kuuliza dawa yake. Kilichokosekana ni sentensi nne mwanzoni:

"Kisima kina maji ya kutosha, lakini kisitumike kwa kunywa wala kupikia bila kuchujwa. Floraidi ni miligramu 6.2 kwa lita. Kikomo ni 1.5. Tunapendekeza maji yake yatumike kwa kufua na usafi, na chanzo kingine cha kunywa kitafutwe kabla ya kununua pampu."

Baada ya hapo andikeni jiografia mpendavyo. Najua mtaniambia, "Mzee, chuoni tulifundishwa kuanza na usuli, halafu mbinu, halafu matokeo." Mlifundishwa vyema, na mpangilio huo ubaki ndani, kwa ajili ya mhandisi mwenzenu atakayetaka kukagua kazi. Mkurugenzi hakagui kazi. Anataka kujua asaini au asisaini.

Msidhani ni ugonjwa wa kwetu peke yetu. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Marekani, Columbia, kilipokuwa kinapaa, kipande cha povu kilibanduka kwenye tangi la nje kikagonga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado angani, wahandisi waliwaonyesha wakubwa uchambuzi wao kwa slaidi. Kichwa cha slaidi moja kilikuwa cha kutuliza moyo. Chini kabisa, mstari wa mwisho, kwa maandishi madogo, ilielezwa kwamba kipande kile kilikadiriwa kuwa na inchi za ujazo 1,920, na majaribio waliyokuwa wakiyategemea yalifanywa kwa kipande cha inchi za ujazo 3. Yaani zaidi ya mara mia sita! Tarehe 1 Februari chombo kilivunjika kikirudi duniani, wakafa watu 7. Sisemi slaidi ndiyo iliyowaua. Lakini bodi ya uchunguzi iliitaja slaidi hiyo kwa jina la ubaya, na ikalaumu tabia ya kutumia slaidi mahali pa ripoti ya kitaalamu. Habari iliyopaswa kuwa kichwa cha habari iliwekwa mkiani.

Sasa namba. Namba bila maelezo yake ni hatari kuliko kutokuwa na namba. Mkiandika "nitreti 12" (nitreti ni kemikali inayotokana na mbolea na vinyesi), ni 12 ya nini? Kama maabara imepima nitreti yenyewe, 12 ni kidogo, maana kikomo ni miligramu 50 kwa lita. Kama imepima nitrojeni iliyo ndani ya nitreti, hiyo 12 ni sawa na nitreti 53 hivi, na mama anayekorogea mtoto mchanga maziwa ya kopo kwa maji hayo anamweka pabaya. Tarakimu ni zile zile, na karatasi ya maabara huwa imeeleza kipimo ni kipi. Ni ninyi mnaokiacha njiani mnapojaza jedwali.

Saa nazo. Fundi anayeanza kusukuma maji kupima uwezo wa kisima anaandika kwenye daftari 4:00, kwa saa zetu za Kiswahili, yaani asubuhi. Mwenzake anayempokea ana simu, anaandika 16:00. Ofisini mtu anatoa moja kwa nyingine na kupata saa 12 za majaribio, kumbe ni saa 6 tu, na kisima kinasifiwa uvumilivu ambacho hakijauonyesha. Chagueni mfumo mmoja, muuandike juu ya daftari kabla injini haijawashwa.

Na mahali kisima kilipo. Ramani zetu za zamani, za Tanzania na Kenya, zilichorwa kwa mfumo wa kutaja mahali uitwao Arc 1960. Simu na vifaa vyenu vya GPS hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Usipotaja ni upi, kisima kinahama karibu mita 300, na atakayekuja kukitafuta atasimama katikati ya shamba la mahindi akiwatukana.

Jambo ambalo vijana mnaliogopa zaidi ni kukiri kwa maandishi ambacho hamkukifanya. Mmepima wakati wa masika, maji yako juu, kila kitu kinapendeza. Andikeni hivyo: "Upimaji ulifanyika Aprili, kina cha maji wakati wa kiangazi hakijulikani." Mafuta ya jenereta yaliisha, mkasukuma pungufu ya muda uliopangwa? Semeni mlisukuma kwa muda gani na mliishia wapi. Hakuna atakayewadharau. Atakayechagua pampu atajua tu aache nafasi kiasi gani, na hiyo ndiyo heshima ya mtaalamu.

Mwisho, jumuiya ya watumia maji. Ripoti kamili inabaki ofisini kwa Kiingereza, sawa. Lakini watakaokusanya fedha za maji, kuajiri mlinzi na kununua dizeli au kulipa umeme ni wanakijiji, na kuna ripoti nyingi ambazo hawajaachiwa hata ukurasa mmoja wa Kiswahili. Waachieni. Kina cha kisima, pampu imening'inizwa mita ngapi, isukume lita ngapi kwa saa, maji ni ya kunywa au si ya kunywa, na wampigie nani ikiharibika.

Kuna ripoti iko mezani kwenu wiki hii, najua. Kabla ya kuituma, mpeni karani wa masjala ukurasa wa kwanza tu. Akishausoma mwulizeni kisima hicho kifanywe nini. Akijikuna kichwa, uandikeni upya kesho asubuhi.

Wasalaam,

Mzee wenu, mhandisi mstaafu wa maji,
Arusha