Tundu la simu nyuma ya rauta, mbona mnatufungia?

Mhariri, salamu kutoka hapa Kireka, karibu na Kampala. Naomba nafasi kidogo niseme juu ya hizi rauta za intaneti tunazofungiwa majumbani, maana wengi tuna kitu ndani ya nyumba na hakuna aliyetuambia tunacho.

Geuza rauta yako uangalie nyuma. Kuna matundu ya kebo za kompyuta, mara nyingi manne, halafu pembeni kwenye rauta nyingi za faiba kuna moja au mawili madogo zaidi yameandikwa Tel au Phone. Hapo panaingia simu ya mezani, ile ya waya ya kawaida kabisa, rauta yenyewe inageuza sauti kuwa data na kuipeleka kwa intaneti, huhitaji kompyuta wala smatifoni. Mimi nimekaa na yangu miaka miwili nikidhani hilo tundu ni la mafundi.

Nimelijua sababu ya mama. Ana mtoto wa jicho, smatifoni inamsumbua, akigusa hapa inafunguka pale, mara amemkatia mdogo wake aliye Mombasa katikati ya maneno, anabaki ameishika tu mkononi kanyamaza. Lakini simu yenye vitufe anaijua kwa vidole bila kuangalia, tangu tulipokuwa na simu ya mezani ya namba ya 0414. Basi nikaitoa ile ya zamani kabatini, nikafuta vumbi, nikachomeka. Kimya, hata mlio hakuna. Kupigia waliotuuzia intaneti naambiwa kwenye pakeji yangu tundu hilo limefungwa na paswedi ya kuingia kwenye setingi mteja hapewi. Mhariri, rauta nimeinunua, risiti ninayo, mlango wake mmoja umefungwa na ufunguo wanao wao!

Ikabidi ninunue nyingine isiyofungwa. Fundi akaingiza akaunti ya SIP (njia ya kupiga simu kwa intaneti), yani namba, paswedi na anwani ya mtoa huduma, na kule Mombasa mtoto wa mama mdogo akaweka programu ya SIP kwa simu yake, akaunti ya mtoa huduma huyohuyo, kwa hiyo sisi kwa sisi hatulipi dakika, inakula data tu. Mama akainua mkono wa simu, akasikia tuuuu, akasema "Eeh, hii sasa ndiyo simu."

Ila siku ya kwanza tulimsikia mama mdogo yeye hatusikii. "Dada, mbona hunijibu?" na mama huku anapaza sauti "Niko hapa, niko hapa!" Kumbe vifaa vya ndani vina anwani za ndani tu, zile za 192.168, huko nje hazijulikani, na simu ya SIP inaandika anwani yake ndani ya ujumbe, basi sauti inapotea njia. Kuna setingi inaitwa SIP ALG imewekwa eti isaidie, lakini kwenye rauta nyingi ndiyo inayoharibu. Fundi akaizima, tukasikilizana. Dakika mbili tu, ila bila paswedi ya setingi ungefanyaje?

Halafu watu wanadhani sauti ikikatika bando ni dogo. Sauti haili sana, hata kwa kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) nzito ya G.711 ni kama kilobiti 90 kwa sekunde kila upande, saa nzima kama MB 80 kwenda na kurudi. Shida ni foleni. Kijana wangu akipandisha video, vipande vya sauti vinasubiri nyuma yake, mama anasikia maneno nusunusu. Humohumo kwa setingi kuna QoS, unaiambia rauta simu ipite kwanza. Nayo kwenye rauta zao imefungiwa.

Na jambo lingine lazima lisemwe wazi kwa mteja: laini za zamani za shaba zilipata umeme wake kutoka eksichenji, yani kituo cha simu, umeme wa nyumba ukikatika ulikuwa bado unapiga. Hii ya rauta inakufa palepale. Sisi tumeweka betri ndogo ya rauta, na hata hivyo simu ya mkononi yenye chaji inakaa karibu na kitanda cha mama kwa ajili ya 999, namba ya dharura, sitaki mtu mwingine agundue usiku wa manane.

Ninachoomba kwa wauzaji wa intaneti, na Tume ya Mawasiliano ikiweza iwalazimishe: rauta niliyoilipia nipeni na paswedi yake, tundu la simu liacheni wazi nichague mwenyewe mtoa huduma, na fundi asiondoke nyumbani kwa mtu kabla hajamuonyesha nyuma ya rauta kuna nini. Kikaratasi kimoja cha Kiswahili na Kiluganda kinatosha.

Msomaji wenu,
Kireka