Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Ardhioevu Duniani

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu. Tarehe 2 Februari 1971 mataifa yalikubaliana kuhusu hifadhi ya ardhioevu katika mji wa Ramsar, Iran, na ndiyo sababu siku hii huadhimishwa. Wengi hudhani mkataba ule ni wa maziwa makubwa na vinamasi vya asili tu. La hasha. Maana yake ya ardhioevu inagusa pia maji yaliyokusanywa na binadamu, hivyo hata lambo letu dogo la udongo, lililo nyuma ya uwanja wa michezo, lina haki ya kusemewa leo.

Mheshimiwa mgeni rasmi, ratiba inaonyesha kuwa ukitoka hapa utapanda mti. Utaona shimo limechimbwa mbali, upande wa juu wa lambo, wala si juu ya tuta ambako picha zingependeza zaidi. Tumekusudia hivyo. Mizizi hupenya ndani ya tuta ikifuata unyevu; mti ukifa, mizizi huoza na kuacha vijia. Maji yakishapata kijia huondoka na chembe za udongo kidogo kidogo, na tundu huanzia upande wa nje likichimbika kurudi ndani, hadi lifike kwenye maji yenyewe. Kwa hiyo tuta letu lina nyasi peke yake, tena fupi, ili mashimo ya panya na fuko yaonekane mapema na kuzibwa kwa mfinyanzi ulioshindiliwa.

Wanachama hukagua pia kitako cha tuta. Karibu kila lambo la udongo huvuja kidogo, na maji maangavu yanayochuruzika taratibu huwa tunayaandika tu kwenye daftari. Yakitoka na tope, tunakimbia kumwita mwalimu mlezi, kwa sababu tope lile ni tuta linaloondoka.

Ng'ambo ya pili tunafanya kinyume kabisa. Huko matete tumeyaacha, na magogo makavu yaliyosimama majini hatuyang'oi, maana mdiria huyatumia kuvizia samaki. Ukingo wa kule una mteremko mdogo sana, kiasi kwamba maji yakipungua kidogo tu, tope pana hubaki wazi. Mpita njia huona uchafu. Ndege huona meza imeandaliwa. Kila mmoja hula kwa kadiri ya miguu na mdomo wake: korongo na yangeyange huingia majini, kitwitwi hukimbia pembeni akidokoa wadudu kwenye tope, bata huinamisha vichwa penye maji ya wastani. Lambo lenye kingo zilizosimama wima pande zote linaweza kuwa na maji mengi kuliko hili na bado likawa karibu tupu, kwa kuwa mwanga haufiki chini, majani hayaoti, na wadogo wote wanaotegemea majani hayo hawapo.

Tuna mapenzi ya pekee na kerengende (mtusamehe kama tunampendelea). Mtoto wake huishi chini ya maji kwa miezi, wa aina nyingine hata miaka, akila viluwiluwi vya mbu na chochote anachokiweza. Siku ya kukomaa hupanda kwenye ubua wa tete, hujivua gamba na kuruka. Majirani wanaotutaka tufyeke matete yote ili kupunguza mbu wana hoja ya haki, lakini kufyeka kote kungemwondoa na anayewala. Tumekubaliana nao kufyeka sehemu wanakochotea maji tu. Kuogelea tumekataza kwa sababu ya konokono wa kichocho.

Mheshimiwa mgeni rasmi, limetolewa wazo la kuweka wavu kwenye utoro wa maji, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi lambo likijaa, ili samaki wasitoroke wakati wa mafuriko. Sisi tunalipinga. Huko Pennsylvania, Marekani, palikuwa na bwawa la udongo la South Fork, mali ya klabu ya matajiri wapenda uvuvi na uwindaji. Waliweka vizuizi vya samaki kwenye utoro. Kilele cha tuta walikishusha ili njia ya juu yake ipate upana, na mabomba ya kupunguzia maji, yaliyong'olewa kabla yao, hawakuyarudisha. Mvua kubwa ya mwisho wa Mei 1889 ilileta matawi na takataka, zikanasa kwenye vizuizi, utoro ukaelemewa na maji yakapita juu ya tuta. Alasiri ya tarehe 31 tuta lilikatika. Mafuriko yaliufikia mji wa Johnstown, na watu 2,209 walikufa. Lambo letu ni dogo mno kufananishwa na lile, lakini udongo hauna uvumilivu wa zege: maji yakianza kumwagika juu yake, humomonyoka kwa kasi. Samaki wachache waende zao.

Hapo ndipo penye ombi letu. Utoro wetu umechimbika, na korongo lililotokea linasogea kuelekea kwenye tuta kila masika. Tunaomba msaada wa mawe, saruji na mhandisi wa maji wa kuusanifu upya, kwa upana unaolingana na eneo lote linaloleta maji hapa. Ombi la pili ni bomba na mbauti (birika la kunyweshea mifugo) chini ya tuta, ili mifugo inywe nje ya lambo. Kwato zinavunja kingo na udongo wake unajaza kina. Ikibidi kuchagua, tunaomba utoro kwanza. Mbauti inaweza kusubiri msimu mmoja. Utoro hatuna hakika nao.

Baada ya kupanda mti, tafadhali tembea nasi hadi kwenye utoro ukajionee. Tumewaandalia mabuti, kwa kuwa njia ina matope.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Klabu ya Mazingira, kwa niaba ya wanachama.