Kura kurudiwa sio aibu

Mhariri assalaam alaikum, naomba kijinafasi kwenye gazeti lako. Juzi baada ya magharibi barazani kwetu hapa Wete kahawa ilipoa vikombeni kwa ubishi, jamaa mmoja kashikilia kuwa chama kikipigia kura mgombea urais zaidi ya mara moja basi kishapasuka hicho. Mie nkamwambia yakhe sivyo.

Wamarekani zamani ndo ilikuwa ada yao. Jimbo moja moja linaitwa, linataja kura zake kwa sauti ukumbi mzima unasikia, asipopatikana wa zaidi ya nusu wanaanza upya. Chicago 1860, mkutano wa chama cha Republican kuchagua mgombea urais, Seward kaongoza raundi ya mwanzo, kaongoza na ya pili, ya tatu Lincoln akampita akabakisha kura moja na nusu tu (naam, na nusu, walikuwa nazo), akasimama mjumbe wa Ohio akasema wenzake wanne wanahamia kwa Lincoln, kwisha. Yaani watu wako hawatoshi, lazma uwe na chaguo la pili la watu wa mwenzio. Inapindukia pia sikatai, New York 1924 Democrats walipiga kura mara 103 maana wao wakitaka theluthi mbili, McAdoo na Smith wakachokeshana weee mpaka akachukua John Davis, na Novemba Coolidge wa Republican akampiga vibaya.

Tena tunakwenda mbali kote huko kwa nini, mkutano mkuu wa CCM Dodoma 1995 mshasahau? Raundi ya mwanzo Kikwete mbele, Mkapa wa pili, Msuya wa tatu, nusu hakufika mtu. Msuya akatoka, wakarudia, Mkapa 686 Kikwete 639. Kura 47! Na Kikwete hakwenda popote, kakaa chamani miaka kumi, 2005 zamu yake ikafika.

Sasa tizama 2015. Waliorudisha fomu CCM 38, mkutano mkuu ukaletewa majina matatu tu, mengine yashakatwa kwenye vikao. Lowassa alokatwa, mwezi ule ule wa Julai kahamia Chadema. Alopigiwa kura akashindwa kabaki, alokatwa kaondoka, sasa kipi kinachopasua chama?

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulichagua mwenyekiti kwa vipande vya daftari ndani ya ndoo ya rangi, 14, 13 na 9. Tukamtoa wa 9 tukarudia, yule wa 13 akapata 21. Alokuwa mbele kanuna siku mbili, ya tatu kaja na hisa zake.

Jamaa yangu yule akanigeukia, haya na mgombea wa CCM wa urais wa Zanzibar mbona 2020 fomu walichukua zaidi ya watu 30 na kura ikenda kupigwa Dodoma kwa watatu? Hapo Mhariri sikuwa na jibu, nkaomba kahawa nyengine.

Mpenzi msomaji, Wete, Pemba