Acheni kubashiri mashahidi wa Hague ni akina nani

Mhariri,

Nimesoma mara mbili makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu kesi za Hague, zile za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai (ICC) kuhusu ghasia zilizofuata uchaguzi wetu wa Kenya wa Desemba 2007. Sehemu kubwa imeandikwa vizuri, na vijana waliokuwa wachanga wakati ule watapata mengi humo. Lakini katikati kuna aya moja inayosema kwamba "inaaminika" shahidi fulani alikuwa mtu wa kazi fulani, wa umri fulani, kutoka kata fulani. Sitayarudia maelezo hayo hapa. Mimi ninaishi karibu na kata hiyo, na ukiyafuata yalivyo, watu wanaoweza kuwa shahidi huyo hawazidi watatu. Wote wana familia. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kutamka kwamba ndiye.

Naandika kwa uchungu kwa sababu niliyaona haya yakianza.

Kesi ya William Ruto, wakati huo naibu wa rais, na mtangazaji wa redio Joshua Sang, walioshtakiwa kuhusu ghasia hizo, ilifunguliwa tarehe 10 Septemba 2013. Wiki iliyofuata, tarehe 17, shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka aliketi nyuma ya pazia, sura na sauti yake zikiwa zimegeuzwa kwa mitambo, akiitwa kwa namba tu. Alizungumzia shambulio la kanisa la Kiambaa la tarehe 1 Januari 2008, pale wanawake na watoto waliokimbilia usalama walipochomwa moto. Muda si muda, jina lililodaiwa kuwa lake likawa limezagaa mtandaoni. Jaji Chile Eboe-Osuji, mmoja wa majaji watatu wa kesi hiyo, alilazimika kuonya hadharani kwamba kumfichua shahidi anayelindwa ni kosa.

Mimi wakati huo nilikuwa na duka dogo, na nje ya duka kulikuwa na benchi. Nakumbuka simu moja ikipita mkono kwa mkono kwenye benchi hilo, kila mmoja akiisogeza karibu na macho kwa sababu ya jua. Mmoja akasema, "Huyu namjua." Mwingine akasema naye anamjua, ila akataja jina jingine kabisa. Walibishana kama wanaobishana kuhusu mchezaji wa mpira. Sikuwakemea. Niliendelea kupima sukari.

Halafu zamu ikafika kwetu. Jirani yangu mmoja, mjane, alikuwa na kijana aliyeondoka mwezi wa Agosti mwaka huo kwenda Qatar kufanya kazi ya ujenzi. Kufikia mwisho wa Septemba, mtaa mzima ulikuwa umeshakata kauli: kijana hayuko Qatar, yuko Hague, na mama yake anatumiwa hela. Akina mama wa chama cha akiba wakaanza kukutana bila kumwambia. Usiku mmoja mabati yake yalipigwa mawe. Kesho yake alinijia dukani na mfuko wa plastiki mkononi, akatoa mkataba wa kazi wa mwanawe, karatasi iliyokunjwa mara nne, na picha ya kijana amevaa kofia ya ujenzi. Alikuwa anapita nazo nyumba kwa nyumba. Aliniwekea kidole pale penye jina la kampuni, kisha pale penye tarehe. "Soma mwenyewe, mama," akaniambia. "Mtoto wangu hajashtaki mtu."

Nimelibeba neno hilo miaka yote hii. Yule mama alijitetea kana kwamba kutoa ushahidi ndio uhalifu wenyewe. Sisi majirani ndio tuliomfundisha hivyo. Na mimi nilikuwa miongoni mwao, maana wiki mbili kabla nilimuuliza kwa sauti ya upole yenye sumu ndani yake: "Kwani kijana hasa alienda wapi?"

Kwa hiyo, Mhariri, hatari ya kubashiri haiishii kwa shahidi mwenyewe. Anayebashiri akipatia, ameweka maisha ya mtu rehani. Akikosea, ameyaweka ya mtu asiyehusika, ambaye hana hata ulinzi wa mahakama kwa sababu mahakama haimjui. Watu walikuwa wanajifichia kwenye msemo wetu wa lisemwalo lipo. Yaliyosemwa mtaani kwetu hayakuwepo hata kidogo.

Najua jibu linalotolewa kila mara: wananchi wana haki ya kujua, na mashahidi wengine ni waongo. Hili la pili silikatai. Mwezi wa Machi 2013 kiongozi wa mashtaka wa ICC, Fatou Bensouda, aliondoa mashtaka dhidi ya Francis Muthaura, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa umma, na moja ya sababu alizozitaja ni kwamba shahidi muhimu alikana sehemu ya ushahidi wake na akakiri kuchukua hongo. Mashahidi wa ndani, yaani wale wanaodai walikuwemo katika mipango yenyewe au karibu nayo, ndio wanaohitaji kupimwa kwa ukali kuliko wote. Mtu anayesema "nilikuwepo" huenda anajiokoa mwenyewe, huenda ana kisasi, huenda anasema kweli.

Lakini wa kumpima ni nani? Wengi hawaelewi kwamba pazia lile halikuwekwa kati ya shahidi na mshtakiwa. Mawakili wa utetezi walipewa majina. Walijua anatoka wapi, walikuwa na taarifa zake za awali, na walimhoji kwa siku kadhaa, neno kwa neno. Pazia liliwekwa kati ya shahidi na sisi: mimi, wale wa kwenye benchi, na aliyerusha mawe. Haki ya mshtakiwa haikupungua kwa sisi kutojua jina. Hata Katiba yetu, Kifungu cha 50, inayolinda haki ya kesi kusikilizwa hadharani, inaruhusu umma na wanahabari kutolewa mahakamani inapobidi kuwalinda mashahidi.

Hata kuhamishwa kwa shahidi huwa tunakugeuza kuwa zawadi. "Amepata visa," watu wanasema, "anakula raha Ulaya." Mtu ameondoka usiku, ameacha shamba, kaburi la mzazi na lugha yake, hawezi kupiga simu nyumbani siku ya mazishi. Na kwa kuwa anayelindwa hutoweka, kila aliyetoweka akawa anashukiwa kuwa shahidi. Ndivyo kijana wa Qatar alivyoingia kwenye hesabu.

Tunajua yalivyoishia. Tarehe 5 Desemba 2014 mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo, yaliondolewa kwa kukosa ushahidi wa kutosha. Tarehe 5 Aprili 2016, baada ya mashahidi 30 wa upande wa mashtaka kusikilizwa, majaji wawili kati ya watatu walimaliza kesi ya Ruto na Sang bila kuwatia hatiani na bila kuwaachilia kama watu waliokutwa hawana hatia. Jaji mmoja kati ya wale wawili, huyo huyo Eboe-Osuji, aliandika kwamba kesi iliharibiwa na kuingiliwa kwa mashahidi pamoja na siasa. Jaji wa tatu, Herrera Carbuccia, alitaka iendelee. Washtakiwa wote walikana mashtaka tangu mwanzo, na hadi leo sheria inawahesabu kuwa watu wasiokutwa na hatia. Simshtaki yeyote kati yao kupitia barua hii.

Ninachosema ni kwamba uamuzi ule uliacha pengo, na tangu hapo kila mtu analijaza apendavyo. Upande mmoja unasema mashahidi wote walipikwa na kufundishwa. Upande mwingine unasema wote walinunuliwa au walitishwa wakanyamaza. Mahakama haikusema "wote" kwa lolote kati ya haya. Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia zile kwa niaba ya serikali, ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na bado tunatumia muda wetu kutafuta nani alisema badala ya nani aliua.

Watu watatu walitolewa hati za kukamatwa na ICC kwa tuhuma za kuwashawishi mashahidi. Wakili mmoja kati yao alijisalimisha mwaka 2020, akakana mashtaka, kesi yake ikaanza 2022, na akafariki mwaka huo huo kabla ya hukumu. Nilitarajia makala yenu ikae hapo, kwa sababu hapo ndipo penye maswali ya kweli. Mkapapitia kwa sentensi mbili, kisha mkaenda kwenye "inaaminika".

Inaaminika na nani? Mwandishi wenu hakusema. Neno hilo likichapishwa gazetini, wale wa kwenye benchi wanapata ushahidi. Wanakata kipande, wanakipiga picha, kinatembea kwenye makundi ya simu bila jina la mwandishi na bila tahadhari aliyoiweka aya inayofuata. Nyinyi mnaandika kwa ajili ya nchi nzima, lakini kuna kata moja ambayo inasoma ikiwa na majina kichwani tayari.

Ombi langu si kwamba mwache kuandika kuhusu kesi hizi. Andikeni zaidi. Andikeni ushahidi uliotolewa mahakamani wazi, namna ulivyopingwa, na kwa nini baadhi ya mashahidi walijiondoa kwa kadiri mahakama ilivyoeleza. Waulizeni waathiriwa wa Kiambaa, Naivasha na Nakuru walipata nini. Ila kabla hamjachapa umri, kazi na kijiji vya mtu aliyefichwa na mahakama, mpeni mtu anayetoka eneo hilo asome kwanza, na mumuulize ni wangapi waliomjia akilini. Wakiwa watatu, au hata kumi, ondoeni.

Yule mama jirani yangu bado yuko. Kijana alirudi, akaoa, na watu wanamsalimia kama kawaida. Hakuna aliyewahi kumwomba mama radhi. Mimi nilimwomba mwaka jana tu, nikiwa nimechelewa sana, naye akanijibu kwamba ile karatasi hajaitupa.

Asubuhi hii ninapoandika, aya ile bado iko kwenye toleo lenu la mtandaoni. Naomba iondolewe leo.

Jina limehifadhiwa kwa ombi la mwandishi,
Uasin Gishu.