Salamu za Idi kwa akina baba wenzangu

Assalaam alaykum ndugu, jamaa na marafiki popote mlipo, Idi Mubarak. Leo Jumatano 10 Aprili 2024 tumeamka na takbira, Alhamdulillah, tuliofunga Allah atutakabalie, na wale tulioanza nao mfungo wakatangulia Allah awape kauli thabiti. Ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti Idi imewakuta na mafuriko, maji mashambani, maji majumbani, tunawaombea, na mwenye chochote asiishie kwenye dua tu.

Mwaka umekuwa mgumu jamani tusidanganyane. Sukari mfungo mzima tumeihangaikia, bei elekezi ya serikali mwaka huu wa 2024 ilisema isizidi shilingi 3,200 lakini huku kwetu Mbagala nimepimiwa kilo kwa 4,500 na kuna siku haipo kabisa, tunaambiwa mvua za El Nino zimewakwamisha wavunaji wa miwa. Futari zimepita za kuungaunga, ila zimepita.

Mimi kibarua changu cha stoo kiliota nyasi tangu Novemba. Miaka yote nilikuwa baba wa kutoa fitri, ile zaka ya chakula ya kumaliza mfungo inayotolewa kwa kila kichwa nyumbani, kwangu tuko saba basi pishi saba za mchele naongeza na mbili juu, napeleka usiku ule ule mwezi ukiandama, na wallahi kuna raha nilikuwa naisikia nikishukuriwa pale mlangoni kwa watu, kifua kinajaa, nikajua huo ndo ubaba.

Jana usiku ikapigwa hodi. Ni mama anayekaanga mihogo pale kona, mjane, analea wajukuu, kashika mfuko wa mchele. Akasema baba Zuhura, hii fitri yangu na ya wajukuu, nimeona niilete hapa. Mwanangu wa darasa la sita kasimama nyuma yangu anaangalia. Ndugu zangu nilitaka kukataa, maneno yalishafika mdomoni, nimwambie mama peleka kwa wenye shida, halafu nikakumbuka ndani kuna nini na hakuna nini, nikanyamaza, nikaupokea kwa mikono miwili nikamwombea dua. Nikaingia chumbani nikalia. Baadaye mtoto akaniuliza, baba kwani na sisi siku hizi tunapewa fitri? Nikamwambia ndio, mwaka huu sisi tunapewa. Akasema haya, akaenda kumsaidia mama yake kuchambua ule mchele, basi, hakuna kilichovunjika.

Akina baba wenzangu hebu tuongee ukweli. Wangapi leo wamechelewa kurudi nyumbani makusudi kwa sababu watoto hawana nguo mpya? Wangapi wamekopa kwa riba ili jirani asijue? Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akishona viatu vyake mwenyewe na akiwasaidia watu wa nyumbani kwake kazi zao, sisi tukishika ufagio tunachungulia dirishani nani anatuona! Mimi miezi hii mitano nimejua mwanangu wa mwisho hapendi kitunguu, nimejua mama watoto huamka saa kumi kila siku, nilikuwa naishi nao nyumba moja siyajui haya. Rudini nyumbani. Mtoto hakuhesabii noti, anakutafuta wewe ulipo, na kama huna sema huna, aibu iko kwenye kiburi wala haiko kwenye mfuko mtupu, na mwenye nacho mwaka huu akumbuke kumtazama baba mwenzake usoni anapompa, asimpe kama anamtupia.

Nawatakia Idi njema yenye heri, amani na afya, Allah awape wagonjwa shifaa, wasio na kazi awafungulie milango ya riziki, na atufikishe Ramadhani ijayo tukiwa wazima. Tusizisahau funga sita za Shawwal, mwezi huu unaofuata Ramadhani. Kwa niliyemkosea anisamehe, mimi nimesamehe wote. Kullu aam wa antum bikheir.

Naishia hapa, wingu limeshatanda na sahani ya pilau ya yule mama wa mihogo bado iko hapa mezani, naipeleka mwenyewe na mwanangu kabla mvua haijaanza.