Kwenu wanangu ambao saratani ya titi imewarudia

Wanangu,

Nawaandikia nyinyi mliopukutika nywele kwa dripu, zikaota, watu wakamshukuru Mungu, kisha kikatokea kivimbe kwenye kovu au mgongo ukaanza kuuma usiku, na majibu yakasema imerudi.

Nami nimeyapitia. Mara ya kwanza nyumba ilijaa: huyu kaleta uji, yule kachukua watoto, michango ikaanza siku hiyo hiyo. Mara ya pili simu hupungua. Watu hawajawachukia, wamechoka, wengine wanaogopa. Nanyi mnaona haya kuomba tena, mnanyamaza. Kimya hicho nakiogopa sana.

Msingoje kuulizwa. Mwiteni mtu kwa jina, mpeni kazi moja. Dada abaki na watoto siku ya dripu. Jirani apike. Mwingine aende nanyi kwa daktari na kalamu, maana siku ya majibu masikio huziba. Mimi nilikwenda na mtoto wa dada yangu. Aliandika nyuma ya daftari lake la hesabu, na hadi leo tunalifungua daktari akiuliza tulianza dawa gani lini.

Huyo mnayekwenda naye amwulize daktari: imerudi palepale kifuani au kwapani, au imefika kwenye mifupa, mapafu, ini? Ikiwa ni palepale, mara nyingi bado hutibiwa kwa nia ya kuimaliza. Ikiwa imesambaa, wapo wanaoishi nayo miaka kwa dawa. Aulize pia kama kinyama kitachukuliwa upya kupimwa, kwani saratani iliyorudi huweza kubadilika, na tamoksifeni, kile kidonge cha kuzuia homoni, iliyoifaa zamani isiifae tena.

Atakuja wa kusema mlikosa imani, au hamkusamehe. Mwacheni apite. Ni seli zilizojificha, na huweza kulala hata miaka 20. Hakuna kati yenu aliyezikaribisha.

Mkipelekwa tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya ugonjwa, pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, au kwingineko, msidhani mmekatiwa tamaa. Huenda sambamba na matibabu mengine. Maumivu yasemeni mapema. Morfini ya kunywa, ikitumiwa kama daktari alivyoelekeza, haitawageuza mateja.

Na mgongo ukiuma huku miguu inalegea au mkojo unagoma, msingoje tarehe ya kliniki. Iteni bajaji, nendeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mama yenu,
Tanga